Umesahau Kitu Kwenye Fomu ya Viza ya Kuhamia Marekani? Mwongozo Kamili wa Kurekebisha Kabla ya Intavyuu

Umejaza DS-260, umetuma, unasubiri tarehe ya intavyuu ubalozini Nairobi. Usiku mmoja usingizi unakukatikia: hukuandika ile miezi uliyokaa Tanga. Au ile Facebook ya zamani. Au jina lililo kwenye cheti chako cha shule, ambalo halifanani na la pasipoti.

Nimeketi na watu wengi hapa Mombasa waliofikwa na hili, na wengi huanguka palepale. Mmoja hunyamaza, akiomba Mungu afisa asione. Mwingine hushikwa na hofu, akatuma barua pepe tano kwa siku tatu, kila moja ikipingana kidogo na iliyotangulia. Wote wawili hulikuza jambo ambalo lingemalizika kwenye dirisha la ubalozi kwa dakika mbili.

Pengo ulilolitaja mwenyewe ni marekebisho. Pengo hilohilo likitajwa na afisa kwanza, sasa unaulizwa kama wewe ni mkweli. Hatua zote hapa chini zinalenga hilo: wewe uwe wa kwanza kulitaja, kwa maneno machache, na ushahidi mkononi.

Mwongozo huu ni wa DS-260, yaani viza ya kuhamia kupitia familia, kazi au bahati nasibu ya viza. Anayekwenda kutembea au kusoma hutumia DS-160, na hiyo hurekebishwa kwa njia nyingine.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Nakala ya fomu yako yote iliyochapishwa. Ule ukurasa wa uthibitisho wenye msimbo hautoshi. Ingia kwenye tovuti ya CEAC, ile uliyojazia fomu, kwa namba ya kesi na namba ya ankara. Kesi za familia za Nairobi huanza na herufi NRB.
- Pasipoti zako zote, ya sasa na zilizokwisha muda. Zile za zamani ndizo zenye habari.
- Kitambulisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa na cha talaka kama ipo, iwe ni ya Kadhi, ya kanisa au ya serikali.
- Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako wote, hata wasiosafiri nawe.
- Vyeti vya shule, mikataba ya kazi, barua za kuajiriwa na kuachishwa.
- Cheti cha tabia njema.
- Nakala ya I-130, fomu ya kukuombea aliyoijaza ndugu yako kule Marekani, ikiwa kesi ni ya familia. Watu wengi hawaiombi kabisa, ilhali afisa anayo mezani pamoja na fomu yako.
- Daftari, na kalamu za rangi mbili.
- Mtu mzima wa nyumbani mwenye kumbukumbu nzuri. Mama au shangazi anaweza asijue mwaka, lakini atakwambia, "Ulihama Majengo mwezi mmoja baada ya arusi ya Khadija," na hapo mwaka unapatikana.

Usiifanye kazi hii saiba. Pale dakika zinalipiwa, nyuma yako kuna mtu anasubiri kiti, na kijana wa saiba anataka umalize. Mapengo mengi ninayoyaona yalizaliwa palepale.

## Hatua ya 1: Isome fomu kama kwamba ni ya mtu mwingine

Weka fomu kushoto na pasipoti kulia. Soma swali moja, nenda kwenye karatasi inayothibitisha jibu, kisha weka alama. Kalamu ya kwanza ni ya majibu yaliyo sawa, ya pili ni ya yenye pengo. Usirekebishe chochote bado.

Mama mmoja wa Mishomoroni alikuja kwangu na pengo moja tu alilolijua, namba ya simu ya zamani. Tukafika sehemu ya kazi. Fomu ilisema alifanya kazi za nyumbani Doha kuanzia Februari 2018 hadi Desemba 2018, miezi kumi. Nikafungua pasipoti yake ya zamani, ile iliyokatwa pembe. Muhuri wa kutoka Kenya ulikuwa umefifia, tukausogeza karibu na dirisha: Oktoba 2017. Akanyamaza kidogo, akakumbuka. Miezi ile ya mwanzo alikuwa nyumba nyingine, kwa tajiri ambaye hakumlipa, na hakuihesabu kuwa kazi. Kumbe alikaa Qatar miezi kumi na minne. Kwa viza ya kuhamia, nchi uliyowahi kukaa miezi kumi na miwili au zaidi ukiwa umefikisha miaka 16 inahitaji cheti cha polisi cha nchi hiyo. Kwa hivyo kosa la tarehe moja lilikuwa linaficha karatasi nzima inayokosekana. Ile namba ya simu ilikuwa jambo dogo kabisa.

Ndiyo maana nasema soma yote, hata ukidhani unajua ulichosahau. Sehemu zinazotusumbua zaidi sisi wa Pwani ni hizi.

Anwani tangu ulipofikisha miaka 16. Fomu inataka kila mahali ulipoishi. Watu huandika Kisauni peke yake, wakaacha miaka ya bweni, mwaka wa kukaa kwa mjomba Malindi, au chumba cha kupanga Changamwe walipokuwa wakifanya kazi bandarini. Kama nyumba haina namba, andika mtaa, jengo linalojulikana karibu, na mji. Hakuna anayetegemea Likoni iwe na namba za milango.

Nchi ulizotembelea miaka mitano iliyopita. Kuvuka Lunga Lunga kwenda Tanga kwa mazishi ni safari ya nchi ya nje. Zanzibar kwa arusi ni safari. Umra ni safari. Kwa sababu ndugu zetu wako huko, hatuhisi kama tumetoka nje, basi hatuandiki.

Mitandao ya kijamii, simu na barua pepe za miaka mitano. Swali la mitandao limo kwenye fomu tangu Mei 2019. Akaunti uliyoisahau nenosiri lake bado ni yako kama uliitumia ndani ya miaka hiyo. Inatakiwa jina la akaunti tu, nenosiri hawaulizi. Mtu yeyote akikuomba nenosiri kwa madai ya viza, mkimbie.

Kazi za miaka kumi. Hata bodaboda, hata kuuza viazi karai mbele ya nyumba. Na kama hukuwa na kazi, pengo hilo pia lina jibu lake: hukuwa na kazi.

Kabila au ukoo. Wengine hubonyeza hapana kwa kudhani ni swali la siasa. Mdigo, Mgiriama, Mbajuni, Mswahili wa Mji wa Kale: andika ulivyo.

Aliyekusaidia kujaza. Fomu inauliza waziwazi kama kuna mtu aliyekusaidia. Kijana wa saiba akikujazia, jibu ni ndiyo, na jina lake linaandikwa. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayebonyeza hapana, ili asihusishwe. Ukienda kuapa kwamba hukusaidiwa ilhali ulisaidiwa, umeapa uongo kwa jambo lisilokuwa na faida yoyote kwako.

Ukimaliza hatua hii utakuwa na orodha daftarini: namba ya ukurasa, swali, ulichoandika, kilicho sahihi, na karatasi inayothibitisha. Kama orodha ina mambo yasiyozidi matatu na umesoma kwa nusu saa tu, rudia. Kazi hii huchukua jioni nzima.

## Hatua ya 2: Gawa mapengo mafungu matatu

Hapa ndipo penye uamuzi wa kweli, kwa hivyo nitakaa kidogo.

Fungu la kwanza: madogo kweli. Herufi iliyoruka, anwani ya zamani, simu ya zamani, kazi ya miezi mitatu, safari ya Tanga, tarehe ya shule iliyokosewa kwa mwaka mmoja. Haya hayabadilishi kama unastahili viza au la. Yanahitaji kusahihishwa tu.

Fungu la pili: madogo kwa sura, lakini yanavuta karatasi nyuma yake. Kukaa nchi ya nje mwaka mzima kunavuta cheti cha polisi. Ndoa ya zamani iliyokwisha inavuta cheti cha talaka au cha kifo. Jina jingine linavuta uthibitisho kwamba ni wewe yuleyule. Mapengo haya yashughulikie mapema kuliko mengine yote, kwa sababu karatasi zake hazipatikani kwa siku mbili.

Fungu la tatu: haya si madogo, hata ukiambiwa ni madogo. Mume, mke au mtoto ambaye hukumtaja. Kukamatwa au kushtakiwa, hata kama uliachiliwa, maana swali la fomu linajumuisha hata kesi iliyosamehewa. Viza ya Marekani uliyonyimwa zamani, na kumbuka hiyo tayari wanayo kwenye kumbukumbu zao. Kukaa Marekani kupita muda uliopewa, au kurudishwa.

Sababu ya kutenga fungu hili ni sheria yenyewe. Kifungu cha 212(a)(6)(C)(i) cha sheria ya uhamiaji ya Marekani kinamfungia mlango maisha mtu aliyepotosha kwa makusudi jambo la msingi ili apate viza. Msamaha upo, lakini haupatikani kwa kila mtu: lazima uwe na mume, mke au mzazi ambaye ni raia au mkazi wa kudumu wa Marekani, na uthibitishe kwamba huyo ndiye ataumia sana. Zingatia maneno mawili: makusudi, na jambo la msingi. Kusahau si makusudi. Lakini kukumbuka, kisha ukanyamaza hadi uulizwe, kunaanza kufanana na makusudi.

Ukiwa na jambo la fungu la tatu, tafuta wakili wa uhamiaji mwenye leseni kabla hujamwandikia mtu yeyote. Wakili, si dalali. Yule anayekwambia "hilo usilitaje, halitaonekana" hatakuwa dirishani siku ya kuapa.

Kuhusu watoto niseme wazi. Fomu inataka watoto wako wote, walio hai, wanaosafiri na wasiosafiri, wa ndoa na wa nje ya ndoa, wa kuasili na wa kambo. Nimewaona wanaume waliomwacha mtoto mmoja kwa sababu mke wa sasa hajui. Naelewa uzito wake. Lakini mazungumzo hayo yafanyike nyumbani, kwa heshima, kabla ya safari, kuliko mke kulisikia jambo kwenye dirisha la ubalozi. Na mtoto uliyemkana kwenye fomu leo, utapata taabu kubwa kumwombea kesho.

Kwa walioshinda bahati nasibu: mke au mtoto aliyeachwa kwenye usajili wa mwanzo kabisa ni jambo zito kuliko pengo la DS-260. Sheria za bahati nasibu zinataka mke au mume na watoto wote wasioolewa walio chini ya miaka 21 watajwe tangu usajili, na kuwaacha kunaweza kuifuta kesi yote. Hilo nalo ni la wakili.

## Majina yetu

Hili ni tatizo la Pwani kuliko mahali pengine, kwa hivyo lina sehemu yake.

Pasipoti inasema Abubakar, cheti cha shule Bakari. Kitambulisho ni Athman, cheti cha kuzaliwa ni Othman. Mwanaisha ana a moja huku, mbili kule. Kuna aliyeandikwa jina la baba na babu, kuna aliyeandikwa "binti Salim", na kuna Mkristo aliyebatizwa Yohana lakini shuleni akajulikana kwa jina la kwao, Kazungu.

Kanuni ni nyepesi: jina kuu kwenye fomu lifuate pasipoti, herufi kwa herufi. Majina mengine yote yaliyo kwenye karatasi unazowasilisha yaingie kwenye swali la majina mengine uliyowahi kutumia. Tahajia tofauti ni jina jingine kwa kazi hii.

Kisha mwone wakili akuandalie hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo, moja moja kama yalivyoandikwa kwenye kila cheti, ni ya mtu mmoja. Soma rasimu kabla ya muhuri. Nimeona hati ya kiapo ya kurekebisha tahajia iliyokuja na tahajia ya tatu.

Usijaribu kubadilisha cheti cha kuzaliwa haraka haraka ili kilingane. Cheti kipya kilichotoka wiki mbili kabla ya intavyuu kinaamsha maswali. Kiapo chenye maelezo ya kweli kinatosha kwa tofauti za tahajia. Na yule anayejitolea "kukutengenezea" cheti kinacholingana anakutoa fungu la kwanza kukupeleka la tatu.

## Hatua ya 3: Jua faili yako iko kwa nani

Ombi likienda ofisi isiyoshika faili, halitafanyiwa kazi, na wewe utakaa ukidhani limefika.

Kesi ya familia au kazi ambayo bado haijapewa tarehe huwa kwa NVC, Kituo cha Kitaifa cha Viza kilichoko Portsmouth, New Hampshire. Kesi ya bahati nasibu hushughulikiwa na Kentucky Consular Center. Kesi ikishapelekwa Nairobi na tarehe kutoka, wa kuulizwa ni kitengo cha viza za kuhamia cha ubalozi.

Angalia hali ya kesi kwenye tovuti ya CEAC, na usome barua pepe ya mwisho uliyopokea: aliyeituma ndiye kwa kawaida mwenye faili. Kama barua pepe ilifunguliwa na kijana wa saiba kwa jina lake, anza kwa kurudisha mawasiliano mikononi mwako. Barua ya kukuita intavyuu haifai kukaa kwenye simu ya mtu mwingine.

## Hatua ya 4: Omba fomu ifunguliwe

Ukishatuma DS-260 inajifunga. Huwezi kuigusa hadi walio nayo waifungue. Kwa NVC, ombi hupitia fomu yao ya maulizo mtandaoni. Kuomba kufunguliwa hakuna ada. Anayekudai pesa "za kufungua" anakuibia.

Andika kwa Kiingereza, ujumbe mmoja, mfupi. Maudhui yawe hivi:

> Namba yangu ya kesi ni hii. Jina langu kamili kama lilivyo kwenye pasipoti ni hili, na tarehe yangu ya kuzaliwa ni hii. Nimetuma DS-260 tarehe fulani. Nilipoisoma tena nimeona nimeacha taarifa hizi: (1) anwani ya Malindi, Januari 2014 hadi Machi 2015; (2) safari ya Tanzania, Agosti 2023; (3) tahajia nyingine ya jina langu iliyo kwenye cheti cha shule. Naomba fomu ifunguliwe ili nirekebishe.

Basi. Usieleze maisha yako. Usijitetee, usiombe radhi mara tatu, usimlaumu aliyekujazia. Msomaji wa ujumbe huo anataka kujua kesi gani na kitu gani.

Tuma mara moja, uhifadhi picha ya ukurasa unaothibitisha kwamba umetuma. Kutuma ombi lilelile kila asubuhi hakulisogezi mbele.

Kama tarehe ya intavyuu iko karibu na fomu haijafunguliwa, usiahirishe kwa ajili ya mapengo ya fungu la kwanza. Afisa ana uwezo wa kuyarekebisha mwenyewe siku hiyo. Nenda hatua ya 6. Kuahirisha kuna maana pale tu cheti muhimu cha fungu la pili hakiwezi kupatikana kwa wakati, na hata hapo wengi huenda, wakaomba kukiwasilisha baadaye.

## Hatua ya 5: Rekebisha, saini upya, tuma upya

Fomu ikifunguliwa, fuata daftari lako. Rekebisha yaliyo kwenye orodha na usiguse kingine. Kuna watu huanza "kupamba" majibu yaliyokuwa sawa, wakazalisha tofauti mpya.

Hifadhi kila ukurasa. Ukikaa kama dakika ishirini bila kugusa kitu, mfumo unakutoa na kazi isiyohifadhiwa inapotea. Stima za Mombasa unazijua, kwa hivyo hakikisha kompyuta ina chaji na una bando la simu la akiba.

Sasa onyo kubwa la hatua hii. Fomu iliyofunguliwa inahesabiwa kuwa haijatumwa. Ukirekebisha ukafunga kompyuta bila kutia saini na kutuma tena, huna fomu. Nimemwona mtu aliyesubiri wiki nyingi tarehe yake, kumbe fomu ilikuwa wazi, inamsubiri yeye.

Utajua umefaulu ukiona ukurasa wa CEAC unaonyesha fomu imewasilishwa, na umechapisha uthibitisho mpya pamoja na nakala mpya ya fomu yote. Ile ya zamani iandike juu "YA ZAMANI" kwa kalamu, uiweke mbali, usije ukaibeba kimakosa.

## Hatua ya 6: Karatasi ya marekebisho

Iandae hata kama fomu ilifunguliwa, maana siku ya intavyuu huwa hakuna anayekumbuka vizuri. Ukurasa mmoja tu, kwa Kiingereza, umepigwa chapa.

Juu: namba ya kesi, jina, tarehe ya kuzaliwa. Chini yake jedwali la safu nne: swali la fomu, nilichoandika, kilicho sahihi, uthibitisho nilionao. Mwisho: saini na tarehe. Safu ya sababu haihitajiki. Ukiulizwa kwa nini ulisahau, utajibu kwa mdomo: "Nilisahau, nilipolinganisha na pasipoti nikaona."

Nyuma yake panga nyaraka kwa mfuatano uleule wa jedwali. Kitu cha kwanza kwenye jedwali, karatasi ya kwanza nyuma yake. Chochote kilichoandikwa Kiarabu, kama mkataba wa Saudia au cheti cha polisi cha Ghuba, kiwe na tafsiri ya Kiingereza yenye kauli iliyosainiwa na mtafsiri kwamba tafsiri ni sahihi na kwamba ana ujuzi wa kutafsiri.

Kagua pia cheti chako cha tabia njema. Kama kimetoka kwa jina lenye tahajia tofauti na pasipoti, omba kipya kupitia eCitizen, kisha ukachukuliwe alama za vidole Huduma Centre. Usingoje wiki ya safari.

Mpe nakala ya karatasi hiyo ndugu yako wa Marekani aliyekuombea. Kama I-130 yake inasema una watoto watatu na fomu yako inasema wanne, inabidi wote wawili mjue kwa nini, na jibu liwe la kweli.

## Hatua ya 7: Siku yenyewe

Fika Nairobi angalau siku moja kabla. Treni ya Miritini na mabasi ya usiku ni mazuri, lakini kushuka asubuhi na kukimbilia Gigiri ukiwa na macho mekundu si namna ya kwenda kuapa. Simu haziingii ndani, kwa hivyo kila kitu kiwe kwenye karatasi.

Kwa kawaida dirisha la kwanza ni la karani anayepokea nyaraka. Hapo ndipo pa kusema: "Nina marekebisho madogo kwenye DS-260, nimeyaandika hapa." Mpe karatasi. Kama Kiingereza chako kinakwama, mwambie palepale pia.

Baadaye afisa atakuapisha na kuchukua alama za vidole. Kiapo hicho kinasema kwamba yaliyo kwenye fomu ni kweli. Ikiwa karatasi yako haijafika kwake, sema kabla hujainua mkono: "Kabla ya kuapa, kuna taarifa ninataka kuongeza." Sauti ya kawaida, sentensi moja. Hutafukuzwa kwa hilo.

Akiuliza, jibu alichouliza. "Ulikaa Doha muda gani?" "Miezi kumi na minne, Oktoba 2017 hadi Desemba 2018." Nukta. Usianze na habari za tajiri asiyelipa isipokuwa akiuliza. Usichokijua, sema hujui. Tarehe ya kubahatisha dirishani inaweza kuwa pengo jipya, na hili la sasa umelisema baada ya kiapo.

Mama yule wa Mishomoroni alikwenda na ukurasa wake mmoja. Cheti cha polisi cha Qatar hakikuwa kimefika bado, na karatasi yake ilisema hivyo kwenye safu ya nne: kimeombwa, risiti imeambatishwa. Afisa aliisoma, akauliza maswali mawili, akampa karatasi ya kuomba cheti kilichobaki. Hakuulizwa hata mara moja kwa nini alikuwa ameficha.

## Hatua ya 8: Ukipewa karatasi ya 221(g)

Hii ndiyo karatasi ya kuomba kilichobaki, kama aliyopewa mama yule. Kisheria inahesabiwa kuwa umekataliwa, na neno hilo huwaliza watu kwenye ngazi za ubalozi. Lakini kwa nyaraka zinazokosekana, maana yake ni kwamba kesi imesimama hadi uzilete. Una mwaka mmoja tangu siku hiyo kuwasilisha kilichoombwa. Ukipitiliza, huenda ukaanza upya na kulipa upya.

Soma karatasi palepale kabla ya kutoka. Ina kisanduku kilichotiwa alama na maelekezo ya namna ya kuwasilisha. Kama huelewi, uliza dirishani, usingoje ufike Mombasa uulize mtaani.

Leta kilichoombwa, chote kwa pamoja, kwa njia iliyoandikwa. Weka nakala na risiti. Ukiwasilisha nusu leo na nusu mwezi ujao, faili inaweza kurudi nyuma ya foleni kila mara. Na siku utakapokiwasilisha, fungua tena daftari lako uone kama kuna mstari wa kalamu ya pili ambao bado hujaufuta.